Pilipili Usiyoila: Concorde, Mlipa Kodi na Suala la Ridhaa

Muhula uliopita, katika semina ya historia ya sera za umma, niliwapa wanafunzi wangu mada ambayo hawakuitarajia: ndege ya abiria ya Concorde, iliyokuwa ikiruka kwa kasi maradufu ya sauti. Sikuwa nimefika hata nusu ya mhadhara pale kijana mmoja wa viti vya nyuma aliponyoosha mkono, akasimama na kusema kwa adabu zote: "Samahani, Mwalimu. Waingereza na Wafaransa walijenga ndege yao kwa fedha zao, wakaipanda wenyewe, wakaistaafisha wenyewe. Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Kisha nikamwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi.

Makala haya ni jibu langu kwake. Nimechelewa, lakini si kwa uzembe. Nilipoanza kuandika niligundua kwamba methali aliyoitumia kunizima ndiyo inayofungua historia ya ndege ile. Ndani yake mna kanuni ya haki: mwasho ni wa mlaji, na asiyekula hapaswi kuwashwa. Kazi ya mwanahistoria ni kuuliza kanuni hiyo ilifuatwa wapi, ilivunjwa wapi, na ni nani aliyeivunja.

Mwasho ni wa mlaji

Tuanze na pilipili yenyewe, maana tunaila kila siku bila kuijua. Katika pwani yetu jina lake ni la kale kuliko tunda lenyewe. Neno hilo, lenye asili ya Kisanskriti, lilitufikia kupitia biashara ya Bahari ya Hindi likiwa jina la zile punje nyeusi ambazo hata leo tunaziita pilipili manga. Pilipili ya kuwasha, ile ambayo bibi zetu huipanda nyuma ya jiko, ni mgeni aliyerithi jina la mwenyeji. Asili yake ni bara la Amerika, na watu wa Mexico walikuwa wakiitumia zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 ilivuka Atlantiki, na katika karne ya 16 merikebu za Wareno zikaisambaza Afrika na Asia. Hakuna serikali iliyoitengea bajeti, wala waziri aliyeizindua. Hata hivyo, vizazi vichache baadaye watu wa India, Ethiopia, Hungaria na China walikuwa wakiila kana kwamba wamezaliwa nayo. Ilienea kwa sababu kila mpishi aliyeionja alikuwa na hiari ya kuikubali au kuitupa.

Huko porini ilikotoka, mmea huu ulikwisha kuchagua nani awashwe na nani asiwashwe. Mwaka 2001 watafiti Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha kwamba mamalia wadogo wa jangwa la Arizona huiepuka pilipili kali, ilhali ndege huila bila wasiwasi wowote. Mnyama huzitafuna mbegu na kuziharibu. Ndege huzimeza na kuziangusha mbali zikiwa hai. Ndege hahisi mwasho hata kidogo. Mmea humlipa anayeusaidia na kumfukuza anayeuangamiza.

Kemikali inayofanya kazi hiyo ni kapsaisini. Hutengenezwa katika utando mweupe unaoshikilia mbegu, wala si katika mbegu zenyewe kama wengi wetu tunavyoamini. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima ukali wake: aliizimua dondoo ya pilipili kwa maji ya sukari mara nyingi kadiri ilivyohitajika, mpaka waonjaji wake wasihisi tena mwasho wowote. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walikitambua kipokezi kinachohusika katika neva za mwili, kiitwacho TRPV1. Kazi ya kawaida ya kipokezi hiki ni kutoa tahadhari mwili unapokutana na joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Selisiasi. Kapsaisini hukifungua pasipo joto lolote. Ubongo hupewa taarifa kwamba ulimi unaungua, jasho likatoka na pua ikachuruzika, ilhali ulimi haujaungua. Ni king'ora cha moto kinacholia katika nyumba isiyo na moto. Kwa ugunduzi huo Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Na kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta na si katika maji, glasi ya maji haimsaidii aliyewashwa. Kikombe cha maziwa humsaidia.

Mbona basi tunaila? Mwanasaikolojia Paul Rozin alilichunguza swali hilo katika kijiji kimoja cha Mexico. Aliona kwamba watoto hujifunza kuipenda polepole, bila kulazimishwa, kwa kuwatazama wakubwa wao wakiila. Lakini mbwa na nguruwe wa kijiji hicho, waliokula mabaki yenye pilipili siku zote, hawakuwahi kuipendelea. Binadamu anaweza kuyafurahia maumivu anayojua kwamba hayamdhuru na kwamba ameyachagua mwenyewe.

Iondoe hiari hiyo, na kemikali ileile itageuka silaha. Dawa ya kupuliza ambayo askari wa nchi nyingi huitumia dhidi ya waandamanaji hutengenezwa kwa dondoo ya pilipili. Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kemikali unakataza vitu vya namna hiyo kutumiwa kama njia ya kivita, lakini unaviruhusu kwa ajili ya kutuliza ghasia. Mpishi na mwandamanaji hukutana na molekuli moja. Kinachowatenganisha ni ridhaa. Naomba msomaji alishike neno hilo tunapoingia kwenye ndege.

Joto la kweli

Aliyewahi kukaa ufukweni akaitazama boti ya injini ikipita ameishuhudia tayari fizikia tunayoihitaji. Boti ikienda polepole, viwimbi vyake huitangulia na kutawanyika. Ikienda kasi kuliko viwimbi hivyo, haviwezi tena kuitangulia. Hurundikana pande mbili na kuwa wimbi moja lenye umbo la mkuki, linalofuata nyuma na kuja kuupiga ufuko hata baada ya boti yenyewe kupita. Sauti nayo ni wimbi la hewa. Karibu na usawa wa bahari husafiri kwa takriban kilomita 1,225 kwa saa, na katika baridi kali ya anga za juu hupungua hadi kiasi cha 1,060. Ndege inayoipita kasi hiyo huirundika hewa mbele yake na kuzalisha mawimbi ya mshtuko. Ernst Mach aliyapiga picha mawimbi ya risasi tangu miaka ya 1880, na ndiyo maana kasi ya sauti huitwa Mach 1. Mnamo tarehe 14 Oktoba 1947 rubani Mmarekani Chuck Yeager aliipita kasi hiyo katika ndege ya majaribio.

Hapa pana kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Wengi hudhani kwamba mshindo husikika mara moja tu, pale ndege "inapovunja" ukuta wa sauti. Sivyo. Ndege huuburuta mshindo huo safari nzima, kama boti inavyoburuta wimbi lake, na kila aliye chini katika ukanda wenye upana wa makumi ya kilomita huusikia kwa zamu yake. Abiria walio ndani hawausikii kabisa. Wanakunywa mvinyo wao kwa utulivu huku madirisha ya watu wasiowajua yakitikisika. Ni pilipili inayowawasha wote isipokuwa mlaji.

Hiyo haitupi ruhusa ya kuidharau kazi ya wahandisi. Concorde iliruka kwa takriban kilomita 2,180 kwa saa, katika kimo kilichofikia mita 18,000. Hewa ya nje ilikuwa na baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, lakini kwa jinsi ilivyobanwa mbele ya ndege, ncha ya pua ilifikia nyuzi 127. Tofauti na ulimi wa mla pilipili, hapa joto lilikuwa la kweli. Mwili wa alumini ulitanuka na ndege ikarefuka kwa kiasi cha sentimita 20 ikiwa angani. Nyuma ya meza ya mhandisi wa ndege palifunguka ufa mdogo ambao haukuwapo ardhini. Katika safari za mwisho baadhi ya wahandisi walichomeka kofia zao humo, na ndege ilipopoa ufa ukajifunga, kofia zikabaki humo kama kumbukumbu. Ilibidi mafuta yahamishwe kutoka tangi hadi tangi angani ili kuirekebisha mizani ya ndege. Ilibidi pia hewa ipunguzwe kasi hadi chini ya ile ya sauti kabla ya kuingia katika injini, la sivyo injini isingeweza kufanya kazi. Haya yalibuniwa katika miaka ya 1960, kabla ya kompyuta tunazozijua leo.

Miaka michache iliyopita, nikiwa Uingereza kwa shughuli za kitaaluma, nilifika Filton, karibu na Bristol, ambako mojawapo ya ndege hizo imehifadhiwa katika makumbusho jirani na mahali ilipojengwa. Niliingia ndani. Viti ni vinne tu kwa safu, dari ni fupi, na madirisha yanakaribia ukubwa wa kiganja. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni alinieleza kwamba alifanya kazi kiwandani hapo ujana wake wote. Nilimuuliza alijisikiaje aliposafiri nayo. Alitabasamu, akasema hajawahi kuipanda; nauli yake haikuwa ya watu wa aina yake. Hakusema kwa uchungu. Aliipapasa ile ndege kama mtu anayempapasa mwanawe. Nimelibeba jibu lake hadi leo, maana lina mambo mawili kwa pamoja, fahari na kufungiwa nje, na mwanahistoria mwaminifu hana haki ya kulitaja moja akaliacha la pili.

Mkataba usio na mlango wa kutokea

Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza usafiri wa namna hii mwezi Novemba 1956. Ufaransa nayo ilikuwa na michoro yake. Tarehe 29 Novemba 1962 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kujenga ndege moja kwa pamoja na kugawana gharama nusu kwa nusu. Makadirio ya awali yalikuwa kati ya pauni milioni 150 na 170.

Mtumishi wa umma anayesoma makala haya na asimame hapa kidogo. Mkataba ule haukuwa na kifungu cha kujitoa. Na walioshikilia msimamo huo zaidi walikuwa Waingereza, kwa kuhofia kwamba Wafaransa wangewaacha njiani. Ndani ya Baraza la Mawaziri la Uingereza palikuwa pia na matumaini kwamba ushirikiano huo ungemlainisha Rais Charles de Gaulle, ili nchi yao ikubaliwe katika Soko la Pamoja la Ulaya. Januari 1963, miezi miwili hata haijapita, de Gaulle akaikataa Uingereza hadharani. Mkataba wa ndege ukabaki.

Oktoba 1964 chama cha Labour kilishinda uchaguzi, na serikali ya Harold Wilson, iliyokuta hazina ikiwa katika hali mbaya, ikataka kuufuta mradi. Wanasheria wake wakaionya kwamba Ufaransa ingeweza kuishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya The Hague na kudai fidia kubwa, huku ikiendelea kuijenga ndege peke yake. Mapema mwaka 1965 serikali ikasalimu amri. Kamba iliyosokotwa ili kumfunga Mfaransa ikawa imemfunga Mwingereza mwenyewe.

Kuanzia hapo gharama zilipanda mwaka hadi mwaka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 zilikuwa zimepita pauni bilioni moja. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na mfumuko wa bei. Sehemu nyingine ilitokana na ukweli kwamba makadirio ya kwanza yalikuwa ya watu waliotaka mradi ukubaliwe. Mjadala wa hadhara nao mara nyingi uliangukia mambo madogo. Mwaka 1967 waziri Tony Benn, ambaye jimbo lake la uchaguzi lilikuwa Bristol, alitangaza kwamba Waingereza wataliandika jina la ndege kwa herufi "e" mwishoni kama Wafaransa, na suala hilo la herufi moja likazua ubishi wa kitaifa. Hapakuwa na siku ambayo mlipa kodi wa kawaida aliulizwa kama angependa fedha zake zitumike hivyo, au katika hospitali, au katika reli.

Mji uliotikiswa kwa miezi sita

Wakati huohuo Marekani haikutaka kuachwa nyuma. Juni 1963 Rais John Kennedy alitangaza kwamba nchi yake nayo itajenga ndege ya namna hiyo, kubwa zaidi na yenye kasi zaidi. Swali lililobaki lilikuwa kama wananchi wataweza kuishi na mishindo. Ili kulijibu, mamlaka ya usafiri wa anga iliuchagua mji wa Oklahoma City.

Kuanzia tarehe 3 Februari hadi 30 Julai 1964, ndege za kijeshi ziliruka juu ya mji huo kwa kasi ipitayo ya sauti na kuupiga mishindo minane kwa siku, wa kwanza saa moja asubuhi. Jumla yake ilikuwa 1,253. Viongozi wa wafanyabiashara wa mji waliukaribisha mpango huo kwa mikono miwili, kwani mamlaka yenyewe ilikuwa mwajiri mkubwa hapo na kila mmoja alitarajia neema. Katika wiki 14 za mwanzo madirisha 147 ya majengo mawili marefu ya mji yalivunjika. Zaidi ya malalamiko 15,000 yalipokelewa, na madai mengi ya fidia yakakataliwa, hata baadhi ya wananchi wakaenda mahakamani. Mwaka 1969 serikali ikashindwa kesi.

Mwishoni mwa jaribio wakazi waliohojiwa waliulizwa kama wangeweza kuishi na mishindo ile daima. Asilimia 27 walisema hapana. Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu takwimu hii na kuwaomba waiandikie sentensi moja ya ripoti ya serikali. Wengi huandika: "Karibu robo tatu ya wananchi wanaukubali mradi." Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini yeyote aliyewahi kuwa katika ile asilimia 27, kwa jambo lolote lile, anajua imeficha nini. Na tena hata wale 73 hawakuwa wameomba kupigwa mishindo. Waliulizwa tu kama wanaweza kuivumilia. Kuvumilia na kuridhia ni mambo mawili, na lugha yetu haijawahi kuyachanganya.

Lililofuata linawahusu wanaharakati. Mwaka 1967 mwanafizikia William Shurcliff alianzisha umoja wa raia wa kupinga mishindo ya ndege. Haukuwa na fedha nyingi. Ulikuwa na hesabu, barua na matangazo ya magazeti. Sauti yake iliungana na ya wanamazingira, na ya wanauchumi waliohoji kwa nini kodi ya wengi ilipie haraka ya wachache. Machi 1971 Bunge la Marekani liliukatia mradi fedha. Katika Seneti kura zilikuwa 51 dhidi ya 46. Mwaka 1973 ndege za kiraia zikakatazwa kupita kasi ya sauti juu ya ardhi ya Marekani. Kwa hiyo katika nchi iliyoshindwa kuijenga ndege, wananchi walikuwa wamesikilizwa. Na katika nchi mbili zilizofanikiwa kuijenga, hawakuwa wamesikilizwa.

Nani aliila

Dola ya Kisovieti ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurusha ndege ya aina hii, Tupolev Tu-144, tarehe 31 Desemba 1968. Huko hata swali la ridhaa halikuwa na mahali pa kuulizwa. Ndege moja ilianguka mbele ya umati katika maonyesho ya Paris mwezi Juni 1973, ikaua watu 14. Huduma ya abiria kati ya Moscow na Alma-Ata ilianza Novemba 1977, ikakoma baada ya safari 55.

Concorde ilipaa kwa mara ya kwanza mjini Toulouse tarehe 2 Machi 1969. Wakati fulani mashirika ya ndege yalikuwa yameweka nafasi za kununua zaidi ya ndege 70. Januari 1973 Pan Am na TWA za Marekani zikajitoa, na kabla ya mwaka kwisha bei ya mafuta ikapanda ghafla duniani kote. Zilijengwa ndege 20 tu, na 14 kati yake ndizo zilizobeba abiria wa kulipa, zote zikiwa za mashirika ya nchi zilizozijenga.

Afrika nayo iliguswa. Tarehe 30 Juni 1973 Concorde ya majaribio iliruka kutoka Visiwa vya Kanari, ikalifukuza giza la kupatwa kwa jua juu ya Sahara na kutua Chad. Wanasayansi waliokuwamo walikaa ndani ya kivuli cha mwezi kwa dakika 74. Watu waliokuwa kando ya Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, kaskazini mwa Kenya, waliliona giza lilelile kwa dakika chache tu. Lilikuwa tendo kubwa la kisayansi, nami nalistahi. Lakini nikiitazama ramani ya safari ile nauona ukanda wa mishindo ukivuka malisho na visima, na sioni sababu ya mfugaji wa Sahara kuwa na masikio ya thamani ndogo kuliko ya karani wa Oklahoma. Mpanga mipango akisema "eneo tupu", aghalabu huwa na maana ya eneo la watu wasioweza kumwandikia barua.

Safari za biashara zilianza tarehe 21 Januari 1976: London hadi Bahrain, na Paris hadi Rio de Janeiro kupitia Dakar. Desemba 1977 njia ya Bahrain iliongezwa hadi Singapore, lakini baada ya safari tatu za kwenda na kurudi Malaysia ikaikataa, kwa sababu ya mishindo katika mlango wa bahari wa Malaka. Nchi hiyo ilifanya jambo ambalo wakazi wa Oklahoma City hawakupewa nafasi ya kulifanya: ilisema hapana kabla ya kuzoeshwa. Mwishowe Concorde ilibaki na bahari ya Atlantiki, ikiwabeba watu wapatao 100 kwa safari, kutoka London hadi New York kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Mwaka 1984 shirika la Uingereza liliwalipa wenye serikali pauni milioni 16.5 na kuichukua huduma yote. Lilipandisha nauli na hatimaye likapata faida. Gharama za kuibuni na kuijenga zilibaki kwa mlipa kodi na hazikurudi kamwe.

Tarehe 25 Julai 2000 Concorde ya Ufaransa ilikanyaga kipande cha chuma njiani ilipokuwa ikipaa Paris, tairi likapasuka, tangi likatoboka na moto ukawaka. Watu 109 waliokuwamo na wanne waliokuwa ardhini huko Gonesse walikufa. Wale wanne hawakuwa na tiketi. Huduma ilirejea kwa muda mfupi, ikafungwa kabisa mwaka 2003.

Jibu langu

Sasa namgeukia kijana wangu wa viti vya nyuma. Ulisema walijenga kwa fedha zao na wakaipanda wenyewe. Nadhani sasa umeona kwamba neno "wao" katika sentensi yako linabeba watu wasiofanana. Waliolipa hawakuwa walewale waliopanda. Waliopanda hawakuwa walewale waliosikia mishindo. Waliotia saini hawakuwapo tena madarakani deni lilipoiva. Tukisema "nchi fulani ilijenga" au "taifa limeamua", ni wajibu wetu kufungua neno hilo na kuwahesabu waliomo.

Sisemi kwamba dola isithubutu makubwa. Ushirikiano ule uliwafundisha Waingereza na Wafaransa kujenga pamoja, na elimu hiyo iliusaidia mradi wa Airbus uliofuata, ambao ndege zake hata sisi tunazipanda. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa kazi haufuti wajibu wa kuuliza nani atakula, nani atawashwa, na mlango wa kutokea uko wapi iwapo tumekosea. Mtumishi wa umma anayepelekewa mkataba mezani hana sababu ya kuwa mhandisi ili aulize maswali hayo. Mwaka 1962 Concorde ilikuwa na wahandisi bora kabisa duniani. Ilichokosa ni mtu mmoja mwenye mamlaka wa kuuliza: "Na tukitaka kuacha?"

Wala hii si hadithi iliyokwisha. Januari 2025 ndege ya majaribio ya kampuni moja ya Kimarekani iliipita kasi ya sauti, na Juni mwaka huohuo Rais wa Marekani aliagiza lile katazo la mwaka 1973 liondolewe. Watetezi wake wanasema teknolojia mpya itaupunguza mshindo uwe kama mlango wa gari unaofungwa. Huenda ikawa kweli, nami ningefurahi. Lakini mlango wa gari ukifungwa nje ya dirisha langu mara nane kila siku, ningependa kuulizwa kabla ya kuzoeshwa.

Bibi yangu alikuwa na desturi moja. Kila alipotaka kukaanga pilipili alitoka kwanza uani, akapaza sauti: "Jamani, nakaanga pilipili!" Majirani wakafunga madirisha, wenye watoto wachanga wakasogea upande wa pili, na mara mojamoja mtu akajibu: "Bibi, tusubiri kidogo, tuna mgonjwa." Naye akasubiri.